Ndege wa Uani: Mwongozo Kamili wa Kuwatambua na Kuwafurahia Ukiwa Nyumbani Dar es Salaam

Ua wa nyumba ninayokaa Kimara hauna cha kujivunia. Kuna mwarobaini mmoja uliopinda, mipapai mitatu, mlonge, kamba ya kuanikia nguo, na tangi la maji ambalo koki yake inavuja tangu nihamie. Mnazi tunaoutegemea kwa kivuli ni wa jirani. Miaka mitano iliyopita ungeniuliza hapa kuna ndege gani, ningekujibu bila kusita: kunguru, shomoro, na vile vindege vingine.

Mwongozo huu unahusu hivyo "vindege vingine". Katika ua huohuo, bila kuvuka geti, daftari langu sasa lina ndege wa aina zaidi ya thelathini. Sikuchimba bwawa wala sikuongeza miti. Nilichojifunza ni kukaa. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na kuna watu wanaopanda ndege kutoka nchi za mbali ili waje kuwaona ndege. Sisi wenye nyumba tunawafukuza kwenye papai kwa kopo la maji.

Hatua ya kwanza: chagua kiti, usikihamishe

Tafuta mahali pamoja ambapo jua la asubuhi litakuwa mgongoni mwako. Jambo hili linaonekana dogo lakini ndilo linalowakatisha tamaa wengi: ukitazama upande wa jua, kila ndege ni mweusi. Weka kiti karibu na ukuta au shina la mti, si katikati ya uwanja. Nguo yoyote inafaa ilimradi isiwe nyeupe ya kung'aa.

Dar jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kutegemea mwezi. Uwe umeshakaa kabla halijatoka, wakati bodaboda bado hazijachangamka. Kuanzia hapo hadi saa mbili na nusu ndio wakati mtamu. Wakati wa pili ni kuanzia saa kumi na nusu jioni mpaka magharibi. Mchana wa jua kali usijitese. Na wao wamejificha kwenye kivuli, kama wewe ungefanya.

Dakika kumi za kwanza hutaona kitu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, walisema wahenga, na kwenye jambo hili ndege wote ni kunguru mwoga: walikuona unatoka mlangoni, wakaondoka. Wape muda. Usinyooshe kidole, usiinuke ghafla, geuza kichwa polepole. Kikombe cha chai kinasaidia kwa sababu kinaishughulisha mikono.

Kuna siku moja ambayo kanuni zote hizi hazina kazi, nayo ni siku kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua kubwa za kwanza za vuli. Siku hiyo toka nje saa yoyote. Shomoro wanawadaka chini, shorewanda wanawarukia kutoka kwenye matawi, mbayuwayu wanapita kati yao, na juu kabisa mwewe wanawakamata kwa kucha na kuwala wakiwa hewani. Kwa nusu saa utaona ndege wengi kuliko wiki nzima.

Darubini si lazima mwezi wa kwanza. Ukifika wakati wa kununua, tafuta iliyoandikwa 8x42: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Inayokuza mara 12 au zaidi inavutia dukani, lakini mkono ukitikisika kidogo tu huoni kitu. Halafu nenda ukamwambie jirani mapema. Nyumba zetu zimebanana, na mtu akiona darubini inachungulia juu ya ukuta wake saa kumi na mbili asubuhi, neno "ndege" halitamtosha. Kama unakaa karibu na kambi ya jeshi au kituo cha ulinzi, darubini na kamera viache ndani.

Hatua ya pili: wajue watatu hawa mpaka uwachoke

Usianze kwa kutafuta ndege adimu. Anza na hawa watatu, kwa sababu hawa ndio watakaokuwa rula yako ya kupimia wengine wote.

Shomoro ni rula ndogo, sentimita 15 hivi. Dume ana utosi wa kijivu na doa jeusi kooni kama ndevu. Jike ni kahawia tu, hana mapambo. Anapenda watu: mtafute kwenye uwazi wa bati, nyuma ya taa ya baraza, chini ya meza ya mama ntilie.

Shorewanda ni rula ya kati, sentimita 20 hivi. Kichwa cheusi kilichochongoka kidogo kwa nyuma, mgongo wa kahawia, na alama ambayo haikosei: chini ya mkia pana rangi ya njano kama ute wa yai la kienyeji. Huyu ndiye anayekuamsha. Ni miongoni mwa wa kwanza kuimba alfajiri, na sauti yake ni ya uchangamfu wa mtu aliyelala vizuri. Mzoee sana, maana ana kazi nyingine. Shorewanda watatu wanne wakikusanyika kwenye kichaka na kupiga kelele kali bila kukoma, nenda ukatazame kwa hadhari. Mara nyingi ndani yake kuna nyoka, paka, au bundi aliyekuwa amelala.

Kunguru ni rula kubwa, sentimita 40 na zaidi. Huyu tunayemwona kila jalala la Dar, mweusi mwenye shingo ya kijivu, si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, akazaliana, akavuka bahari. Ndiyo maana watu wengi bado wanamwita kunguru wa Zanzibar. Mwenyeji ni yule mkubwa zaidi, mwenye fulana nyeupe kifuani inayozunguka hadi shingoni. Ukikaa katikati ya jiji huenda ukapita mwezi hujamwona. Mgeni amemsukuma pembeni.

Tenga wiki mbili kwa hawa tu. Watazame wakila, wakigombana, wakioga. Baada ya hapo macho yenyewe yataanza kukuambia "huyu siye", na hapo ndipo utambuzi unapoanza.

Hatua ya tatu: uliza kwa mpangilio, rangi iwe ya mwisho

Mtu akiona ndege mgeni, cha kwanza anachosema ni rangi. "Nimeona ndege wa buluu." Rangi inadanganya: kivuli kinaibadilisha, jike na dume hutofautiana, na mtoto hafanani na mzazi yeyote. Uliza hivi: ni mkubwa kuliko shomoro, au yuko kati ya shorewanda na kunguru? Mdomo wake ni mfupi mnene wa kuvunja mbegu, mwembamba uliopinda, au kama kisu? Mkia? Yuko wapi, na anafanya nini? Haya yote yakishajibiwa, ndipo utaje rangi.

Nikupe mfano wa kweli. Asubuhi moja niliona ndege amekaa kwenye waya wa umeme juu ya geti. Mkubwa kidogo kuliko shorewanda. Kichwa kikubwa kuliko mwili ulivyostahili. Mdomo mrefu, mnene, mwekundu. Alikaa kimya dakika nane hivi bila kutikisika, kisha akashuka chini kama jiwe, akarudi na mjusi, akampigapiga kwenye waya kabla ya kummeza. Aliporuka tu ndipo nikaona buluu mgongoni. Mdomo ule na subira ile ni vya mdiria. Kilichonichanganya ni kwamba mdiria tunamjua kwa kuvua samaki, na Kimara kwetu hakuna hata mfereji wenye chura. Kumbe wako midiria wasiojali maji kabisa, wanaokula panzi na mijusi, na huyu ndiye anayependa bustani za watu. Ningeanza na rangi ningebaki na "kahawia yenye buluu", na nisingefika popote.

Wenyeji utakaokutana nao

Chozi ndiye atakayekufanya uupende mchezo huu. Ni mdogo kuliko shomoro, mdomo mrefu mwembamba uliopinda chini, na anaishi kwa mbochi, ule utamu wa ndani ya ua, pamoja na wadudu na buibui. Dume akiwa kivulini ni mweusi tu. Akigeuka juani anawaka kijani, zambarau, wengine na mstari mwekundu kifuani. Kuna aina kadhaa hapa mjini. Mwenye tumbo la njano na mdomo mfupi kidogo ni mmoja. Mweusi mkubwa mwenye kifua chekundu kama amemwagiwa rangi ni mwingine. Jike ni wa rangi ya majani makavu, lakini mdomo humsaliti. Mtafute kwenye ua la mgomba, haibiskasi, mlonge na mshubiri. Na kuhusu zile video za kindege kinachosimama hewani mbele ya ua huku mabawa hayaonekani: yule anaishi mabara ya Amerika peke yake. Chozi wetu hutua kwenye tawi kwanza, ndipo anywe kama mstaarabu.

Mnana yuko kila penye mnazi. Dume ni wa njano; mmoja ana kichwa cheusi na jicho jekundu, mwingine ni njano tupu yenye rangi ya chungwa usoni. Majike wanafanana na shomoro aliyechovywa kwenye njano hafifu, kwa hiyo tazama mdomo, ambao ni mrefu na wenye ncha. Uzuri wa mnana ni ujenzi. Dume anachana ukuti uzi kwa uzi, anaufuma kwa mdomo mpaka unakuwa kikapu chenye mlango chini, kisha ananing'inia hapo akipiga mabawa na kelele ili jike aje akague. Jike akiingia na kutoka bila kupendezwa, kiota hakifai tena. Kikishakauka fundi anakibomoa mwenyewe na kuanza upya. Nimemwona mmoja akibomoa mara tatu. Mke wangu alisema hata sisi tulipokuwa tunatafuta chumba Sinza hatukuwa hivyo.

Kuzumburu, wengine humwita pasa, ni yule wa rangi ya vumbi mwenye kishungi kichwani na mkia mrefu kuliko mwili. Huja kikundi, watano hadi kumi, wakijipenyeza kwenye matawi kama panya. Anakula papai, machipukizi, hata majani, kwa hiyo wenye bustani za mboga hawampendi. Mtazame asubuhi na mapema: ananing'inia tawini tumbo likiwa limeelekezwa juani, akijipasha moto. Hakuna ndege mwingine uani anayekaa hivyo.

Njiwa wa porini utawatofautisha vizuri zaidi kwa sauti, nitafika huko. Kwa macho, pugi ndiye mdogo, wa kimo cha shorewanda, anayetembea chini akiokota mbegu. Akiruka mabawa yanaonyesha wekundu wa udongo. Tetere ni mkubwa na ana mstari mweusi nyuma ya shingo.

Juu angani kuna swali moja linalokata mzizi: amekaa kwenye waya? Mbayuwayu hukaa kwenye waya, wamejipanga. Teleka, ambao wengi wetu tunawachanganya nao, hawakai kwenye waya kamwe. Miguu yao ni ya kung'ang'ania tu. Yule mwembamba wa kijivu mwenye mkia kama sindano, anayezungukazunguka minazi jioni, ni teleka. Nyumba yake iko upande wa chini wa ukuti: anagandisha manyoya kwa mate yake, kisha anayagandisha mayai hapohapo, na ukuti ukipepea na upepo wa kusi anaatamia akiwa wima. Ukishajua hivyo, jirani akisema anakata makuti utamwomba asubiri.

Mwewe unamjua kwa mkia wenye panda ambao anaugeuza kama usukani. Ndege mfupi wa mabawa mapana anayepita chinichini kwa kasi na kuwatawanya shomoro ni kipanga.

Wengine kwa haraka. Vindege vidogo vyenye kichwa cheusi na tumbo jeupe, vinavyokaa kwenye waya vikiwa vimebanana bega kwa bega, ni walaji wa mbegu za nyasi. Mweusi mweupe anayetembea juu ya bati akitikisa mkia juu chini ni rafiki wa maji na wa baraza. Chiriku ni wa njano mwenye mstari mweusi usoni, na sifa yake ya kuongea bila kituo ni ya haki. Wakati wa mvua anaweza kuja mdogo mweusi mweupe, mdomo mwekundu, mkia mara mbili ya mwili, anayewafukuza wote kwenye nafaka: huyo ni fumbwe dume. Hajengi kiota. Jike wake hutaga kwenye viota vya wenzao na kuondoka.

Hatua ya nne: fungua masikio

Nusu ya ndege wa uani hutawaona, utawasikia. Tipitipi, au dudumizi, ndiye mfano bora. Ni mkubwa karibu kama kunguru, mabawa ya rangi ya matofali, mkia mweusi mrefu, mstari mweupe juu ya jicho, na bado anaweza kukaa kwenye mchongoma wako mwaka mzima usimwone. Sauti yake ni "du-du-du-du" inayoshuka, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa ya shingo nyembamba. Bibi yangu akimsikia alikuwa anaanua nguo, akiamini mvua iko njiani. Mimi nimeandika siku alizolia na mvua isinyeshe, lakini kwa heshima ya bibi, nguo huwa naanua.

Tiva ni mweusi juu, mweupe chini, anajificha ndani ya vichaka. Utasikia mlio wa filimbi na jibu lake vikifuatana bila pengo, utasema ni ndege mmoja. Ni wawili, mume na mke, wanapokezana. Ukitaka kuthibitisha, kaa mahali ambapo wametenganishwa na njia: nusu ya wimbo itatoka kulia, nusu kushoto.

Jioni na alfajiri kuna mwimbaji wa kifua cha rangi ya chungwa, uso mweusi na nyusi nyeupe, ambaye kuna wanaomwita kurumbiza. Anaanza chini, anarudia kipande kilekile, kila mara kwa nguvu zaidi. Jamaa zake hodari wa kuiga huchanganya milio ya wengine ndani ya wimbo wao. Waliosema ndege mwigo hana mazoea nadhani walikuwa wamemsikiliza mmoja wao.

Kwa njiwa, hesabu midundo. Mitatu inayorudiwa bila kuchoka ni tetere mdogo. Sita, kwa sauti nzito, ni yule tetere mkubwa mwenye jicho jekundu. Ule mlio wa huzuni unaoanza taratibu, ukashuka, ukaharakisha mwishoni kama mpira unaodunda mpaka usimame, ni pugi.

Simu inasaidia. Programu ya Merlin husikiliza na kukupendekezea jina, na ukishapakua furushi la eneo lako haihitaji bando. BirdNET hufanya kazi inayofanana. Zichukulie kama rafiki mjuaji: anapatia mara nyingi, lakini akikosea hasiti. Nimeshaambiwa na simu kwamba uani kwetu kuna ndege fulani wa porini, kumbe ni mlango wa banda la kuku unahitaji mafuta. Jina lisiingie daftarini mpaka umwone. Na usiwapigie ndege sauti zao kwenye spika ili watoke. Wanadhani mvamizi amekuja, wanaacha kula, wanaacha makinda, wanamtafuta mtu asiyekuwepo.

Hatua ya tano: daftari

Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, kimo, mdomo, alikuwa wapi, alifanya nini. Chora, hata kama unachora vibaya. Mchoro unakulazimisha utazame mguu na mkia ambavyo ungevipuuza. Mstari wangu mmoja unasomeka hivi: "12 Novemba, saa 1:10 asubuhi, mawingu. Mdogo kuliko shomoro. Mdomo umepinda. Ua la mgomba. Kifua kilimeta zambarau mara moja tu. Chozi dume, aina?" Hiyo alama ya kuuliza ilikaa miezi miwili, na haikunipunguzia chochote.

Kuhusu majina, usigombane na mtu. Majina yetu ya ndege hubadilika kutoka pwani hadi bara, na jina moja hubeba aina nyingi; chozi ni ukoo mzima, njiwa vilevile. Mzee anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu ni Mzaramo, na ana majina ambayo sijayaona kwenye kamusi yoyote. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," nikamwonyesha picha ya kuzumburu. Alicheka, akanipa jina, kisha akanipa na namna walivyokuwa wanamtega utotoni. Majina kama hayo yaandike pembeni pamoja na mahali ulipoyasikia. Ukitaka orodha yako ihifadhiwe na iwafae watafiti, ipandishe kwenye eBird, tovuti ya kukusanyia orodha za ndege.

Hatua ya sita: wakaribishe, lakini kwa akili

Anza na maji. Katika kiangazi cha Januari na Februari, maji huleta ndege kuliko chakula chochote. Chukua kigae, sinia kuukuu au kifuniko cha ndoo. Kina kisizidi sentimita 5, na weka jiwe katikati ili mdogo asimame. Kiweke mahali pa wazi, kama mita mbili kutoka kwenye kichaka, ili paka asipate pa kuvizia na ndege apate pa kukimbilia. Sasa sikiliza vizuri: maji hayo yamwagwe na chombo kisuguliwe kila siku. Mbu anayeeneza dengi hutaga kwenye maji yaliyotulia kama hayo, na Dar tulishaonja milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Ukisafiri, kifudikize chombo.

Mimea ni ya pili. Mgomba, mlonge, haibiskasi na mshubiri kwa ajili ya chozi. Mpapai, mpera na mforsadi kwa wala matunda. Mwarobaini kwa kila mtu, maana shorewanda wanapenda zile tunda zake za njano. Uzio wa mchongoma una thamani kuliko ukuta mzima, kwa sababu miiba yake inalinda viota. Acha kipande cha nyasi, hata cha ukubwa wa mkeka, kikue hadi kitoe mbegu. Ua uliotandikwa pevingi kote na kuzungushiwa miashoki ni nadhifu sana, na kwa ndege hauna tofauti na barabara. Dawa ya kuua wadudu punguza uwezavyo. Hata chozi anayeishi kwa mbochi huwalisha makinda wake wadudu na buibui.

Chakula mimi sikishauri sana, na nina sababu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawamwagia ubwabwa uliobaki. Siku ya nne walikuja kunguru wawili. Wiki ya pili walikuwa ishirini, wakajua saa zangu, wakaanza kukagua miti. Kiota cha shorewanda kilichokuwa kwenye mchongoma walikimaliza asubuhi moja, yai kwa yai, nikitazama. Kosa lilikuwa langu. Kama ni lazima ulishe, weka mtama, uwele au chenga kidogo ndani ya kizimba cha waya chenye matundu ya sentimita 4 hivi: vindege vinapita, kunguru hapiti. Nusu ya papai lililoiva juu ya mti lenyewe latosha kwa wala matunda. Mabaki yenye chumvi na mkate wenye ukungu peleka jalalani, na ndoo ya taka ifunikwe, kwani hiyo ndiyo karamu halisi ya kunguru.

Kinda, manati na bundi

Mtoto akikuletea kinda mwenye manyoya aliyemwokota chini, usimtie kwenye boksi. Mara nyingi anajifunza kuruka na wazazi wako karibu wakimlisha. Mrudishe alipookotwa, mpandishe kwenye tawi, mfungie paka. Si kweli kwamba mzazi atamkataa kwa harufu ya mkono wa mtu. Asiye na manyoya mrudishe kiotani ukiweza kufika.

Kuhusu manati, zungumza na watoto bila ukali. Kwetu nilibadilishana: manati moja kwa zamu ya darubini asubuhi ya Jumamosi. Wakubwa wanaotega ili wauze wajue kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa kukamata mnyamapori, na ndege wa porini yumo.

Bundi ni mtihani zaidi. Akilia juu ya paa, nyumba nzima hukaa macho ikisubiri msiba. Yule mweupe mwenye uso wa umbo la moyo wala halii "huu". Anakwaruza kama mtu anayepasua kitambaa, ndiyo maana anatisha. Anachotafuta juu ya bati lako ni panya. Mimi sijaweza kumshawishi mama mkwe wangu, na sijibishani naye. Nilichofanya ni kumwonyesha yale madonge ya manyoya na mifupa yaliyoangushwa chini ya mwembe wa jirani. Alihesabu mafuvu manne ya panya kwenye matatu tu. Bado hampendi, lakini amesema asifukuzwe.

Kalenda ya kaskazi

Kama majahazi ya zamani, kuna ndege wanaofuata majira. Kuanzia Oktoba, kusi ikianza kulegea, wanaingia wageni kutoka Ulaya na Asia: mbayuwayu wenye koo jekundu, keremkerem wanaopita juu kwa makundi wakipiga filimbi laini, na vindege vya kijivu vinavyotua kwenye ncha ya tawi, vinaruka kudaka mdudu, vinarudi palepale. Wanakaa wakati wote wa kaskazi. Masika yakikolea, kufikia Aprili, wengi wameondoka.

Huu pia ndio wakati mzuri wa kutoka nje ya geti. Maji yakipwa, tope la mdomo wa Mto Msimbazi karibu na Daraja la Salenda hujaa ndege wa miguu mirefu, na mabwawa ya chumvi ya Kunduchi vilevile. Bustani ya Mimea iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1893, ina miti mikubwa ya kukaa chini yake hata saa ya chakula cha mchana. Ukitaka hondohondo, panda Pugu asubuhi, na usiende peke yako.

Wageni kuwaona wanapofika ni rahisi. Kujua wameondoka lini ndiyo kazi, kwa sababu siku ya mwisho haina tofauti na siku nyingine. Kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi mimi humwandika mbayuwayu kila siku ninayomwona, hata akiwa mmoja kwenye waya. Daftari likikaa wiki nzima bila yeye, narudi nyuma na kuizungushia duara ile tarehe ya mwisho.